Antena ya Octavian na Spika za Msibani

Mwaka 1993, pale Area D, Dodoma, spika zangu ziliongea zenyewe katikati ya msiba.

Maiki ilikuwa mkononi mwa padri, na padri alikuwa amefunga mdomo.

Kabla hujasema nilikuwa nimelewa, ngoja nikueleze.

Nilikuwa fundi redio, kibanda changu kiko Makole. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ya vitu vya nje imefunguliwa. Kila aliyefika Dubai mara moja alirudi na kitu chenye taa nyekundu, halafu ananiletea mimi nimwambie kinafanya nini.

Octavian alirudi na redio mbili za upepo, zile za kuongea gari kwa gari, pamoja na amplifaya ya kuongeza nguvu. Redio moja niifunge kwenye lori lake, lile analoendesha Petro, nyingine na hiyo amplifaya kwenye Landrova.

Lori nililimaliza bila shida. Nikakwangua rangi, nikabana kitako cha antena kwenye chuma kitupu, nikachomeka mita, nikawa nakata ncha ya antena kidogo kidogo mpaka mshale ukatulia.

Nikahamia kwenye Landrova. Nikashika msumeno.

"Unafanya nini, fundi?"

"Napunguza antena, bosi. Isipolingana na redio, nguvu haiendi mbali, inarudi."

"Unanipunguzia antena? Mimi?" Akaitazama ile fimbo ikiyumba juu ya paa, utadhani ameizaa. "Antena ndefu ndiyo inafika mbali. Hilo halihitaji fundi."

"Mshale uko kwenye nyekundu. Ukiwasha na amplifaya, sauti yako itazagaa hapa hapa, iingie kwenye vyombo vya watu."

"Waache wafaidi."

Sikubishana. Mtu aliyefika Dubai utamfundisha nini.

Sasa, Octavian alikuwa na mdogo wake, Silvano, mtu mpole, mwenye mashine ya kusaga kule Buigiri. Silvano akaugua, hakukaa, akafariki. Akamwacha mkewe Dorothea na watoto, na mashine hiyo ndiyo iliyokuwa inawalisha.

Msiba ukawekwa nyumbani kwa Octavian, Area D, naye akaja kibandani na shati jeusi jipya. Akakodi spika zangu zote.

"Zote, bosi? Uani pale moja inatosha."

"Nataka mpaka wa barabarani wasikie uchungu wangu."

Uchungu ulisikika. Siku ya mazishi alishika maiki akalia, akafuta macho, akalia tena.

"Shemeji Dorothea, naapa mbele ya padri na mbele ya mwili wa mdogo wangu. Mali ya Silvano haiguswi. Atakayeigusa atanikuta mimi."

Akina mama wakaangua kilio. Hata mimi nilikaribia kumwamini, na mimi namjua.

Akampa padri maiki, akasema anakwenda garini kutulia kidogo. Landrova aliiegesha nyuma ya ukuta wa ua, na waya wa spika zangu ulipita pembeni ya gurudumu.

Padri akasema tuinamishe vichwa. Kimya.

Spika zikakoroma. Halafu zikasema:

"Petro. Petro, unanipata?"

Vichwa vikainuka. Padri akaitazama maiki, akaiweka mezani taratibu kama kitu kinachoweza kuuma.

"Petro, watu wote wako huku msibani. Hapo Buigiri hamna mtu. Fungua bolti, pakia mashine kwenye lori, ipeleke Manyoni."

Sauti za ndugu wale zilifanana sana. Shangazi yao, Bibi Priska, akaligeukia jeneza.

"Silvano," akasema kwa upole, "mashine unaipeleka wapi tena, baba?"

Mimi nilikuwa kando ya mitambo na nilishaelewa. Kitufe kilikuwa chini ya kidole changu. Fundi mwenye adabu angezima.

Nikaongeza sauti.

"Petro, mbona hujibu? Narudia. Pakia mashine. Dorothea analia tu huku, hatajua kitu mpaka arobaini ipite. Mimi nimeshawalilia hapa, wameridhika."

Dorothea akaacha kulia. Alikuwa mkekani, ameshikwa na wanawake wawili. Akaiondoa mikono yao, akasimama, akatoka nje ya ua. Tukamfuata.

Octavian alikuwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, jasho linamtiririka, bado anamwita Petro. Dorothea akafungua mlango.

"Shemeji, nipe hicho."

Akampa. Nadhani aliuona uso wake.

Dorothea akabonyeza kama alivyomwona akibonyeza. Sauti yake ikatoka kwenye spika zote, ikafika mpaka barabarani.

"Petro, mimi Dorothea. Mume wangu hajazikwa. Ukifungua hata bolti moja, njoo utupakie na mimi na wanangu humo humo."

Petro hakujibu.

Wanaume wa ukoo wakarukia pikapu, na mimi nikajipakia. Tulijua tutakuta matundu ya bolti tu sakafuni.

Tukakuta mashine ipo, lori liko pembeni, na Petro amejilaza kwenye kiti, miguu nje dirishani.

"Umefungua bolti ngapi?" akaulizwa.

"Bolti za nini? Bosi kaniambia ningoje maagizo redioni. Nangoja tangu asubuhi, hamna hata mkwaruzo."

Nikacheka peke yangu. Maneno ya Octavian hayakufika Buigiri. Hayakufika hata Ihumwa, hapo njiani. Nguvu yote ya ile amplifaya iliishia uani, kwenye spika alizozikodi mwenyewe.

Ya Dorothea nayo Petro hakuyasikia. Tuliyasikia sisi, na sisi ndio tuliopaswa kuyasikia.

Ukoo ulipokaa, mashine ikabaki kwa Dorothea bila ubishi. Octavian alisisitiza kuwa ile sauti ilikuwa ya shetani. Bibi Priska akamuuliza shetani alimjulia wapi Petro.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukimwona mtu anaapa msibani kwa sauti kubwa kuliko wote, usimkatize. Mwachie maiki alie mpaka atosheke. Wewe chukua kiti, nenda kakae mlangoni kwenye mashine ya mjane.