Kitabu Kilichoshonwa

Fundi cherehani wa Kimandolu ana riwaya moja tu ya kuazimisha, ile ya mwigizaji wa filamu aliyestaafu, asiyekumbuka kama ni yeye aliyemuua mumewe. Imeshapita mikononi mwa nusu ya mtaa. Kurasa za mwisho amezishona kwa uzi mweusi, na kila anayefika hapo hurudi kibandani, humtaja anayemdhani muuaji, ndipo fundi huukata uzi kwa wembe. Kisha mguu wake huacha pedali, na pini zikiwa bado midomoni humtazama msomaji usoni mpaka nukta ya mwisho.

Jana Prisca, msomaji wa zamu hii, alikirudisha kitabu akihema. "Muuaji ni mdogo wake mwigizaji, fundi. Yule simwamini hata kidogo."

Fundi alipapasa mshono. Uzi ulikuwa mweusi, ila mishono ilikuwa mirefu, ya mkono usiozoea sindano. Prisca aliinamisha macho. Alikuwa amefumua tangu Jumapili, akasoma mwisho, akapiga ukelele ulioshtua mbuzi zizini, akashona tena, na sasa alingoja kufukuzwa.

Fundi akatema pini kiganjani.

"Ulipiga kelele?"

"Sana."

"Na mimi sikuwepo," alisema, kama mtu aliyekosa harusi. Akaukata uzi, akamsogezea kigoda. "Haya, soma upya. Na ushtuke vilevile."