Siku Niliporuka Fimbo ya Baba

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kwetu Kimumu samaki hakuwa chakula. Shosho, mamake baba, alizaliwa Murang'a, na kwake samaki ni ndugu wa nyoka. Kwa hivyo Baba alipotangaza tunaenda kuvua bwawani, upande wa Chepkoilel, Shosho alikuja tu kuchunga watoto. Aliketi na thamosi ya chai, mgongo kwa maji.

"Ukiruka mtu, hakui," alituonya. "Ukiruka kifaa cha kazi, kazi inalala."

Baba alilaza fimbo yake ya kuvulia juu ya mawe mawili, kamba ikiwa majini, kisha akaniambia niichunge. Kaka yangu Kamau alinuna. "Huyu macho yake yanatulia," Baba alimjibu, wakaenda kuchimba minyoo mingine. Sikuwahi kusifiwa hivyo mbele ya Kamau.

Kizibo kilichofungwa kwenye kamba kilipocheza juu ya maji, nilikimbia nikaruka fimbo kusudi nikione vizuri. Mguu ukanaswa na kamba, ikatoka majini. Niliirudisha haraka nilivyoweza, bila kuangalia ndoano imeangukia wapi. Shosho hakugeuka.

Baba na Kamau walirudi, tukakaa asubuhi nzima bila kitu.

"Samaki wamesikia Shosho hawapendi," Kamau alisema.

"Kuna mtu ameruka kitu hapa," Shosho akajibu, akinywa chai yake.

Nilijua nikisema, Kamau ndiye atapewa fimbo siku zote. Lakini Baba alipoanza kukusanya vitu, uso umemshuka, nilishindwa kuvumilia.

"Baba, ni mimi. Niliruka."

Shosho hakunigombeza. "Rudi ulikopitia," alisema tu, kama tulivyokuwa tukiambiana watoto tukirukana miguu, ili mkosi utoke.

Niliruka kurudi. Baba aliinua kamba, tukaona ndoano imeshika nyasi karibu na ukingo, haina hata mnyoo.

"Kumbe nimekuwa nikivua majani ya ng'ombe," alisema. Aliweka mnyoo mpya, akanipa fimbo mimi. Kabla chai haijaisha, tilapia wawili walikuwa kwenye ndoo.

Sasa nina miaka kumi na minane. Niliacha shule kidato cha pili Baba alipougua, nikaingia kwa Mama Chebet, fundi wa nguo, kujifunza kushona. Mwezi uliopita aliniachia kitenge cha mteja wa harusi, kazi yangu ya kwanza ya kukata peke yangu. Nilikata mikono miwili ya gauni, yote ya kushoto. Mama Chebet alikuwa nje akiongea na jirani. Ningeweza kukunja kitambaa na kungoja aanze kushona mwenyewe.

Nilimwita. "Mama, nimeharibu. Mikono yote ni ya kushoto."

Alitazama, akavuta pumzi. "Kipande kilichobaki kiko wapi? Nilitaka kukifanya kilemba leo."

Kilitosha mkono mmoja mfupi wa kulia. Tulimpigia mteja, akakubali mikono mifupi. Kesho yake Mama Chebet aliniwekea kitambaa kingine mezani. "Kata," alisema, akaketi kunitazama.

Mpaka leo sijui kama samaki walikimbia kwa sababu niliruka, au ni zile nyasi. Shosho ana jibu lake, Baba ana lake, na sibishani na yeyote. Najua tu kwamba asubuhi ile yote, hakuna aliyeinua ile kamba mpaka niliposema. Nitakuwa fundi, na nitakosea tena. Nitakayemwambia kwanza ni mwenye kazi, kitambaa kikiwa bado mezani.