Mharamia wa Baba Yake Madam

Miaka miwili nilimtunza baba yake madam katika nyumba yao ya Jumeirah Village Circle, Dubai. Alikuwa mzee wa Kifaransa, mwalimu mstaafu, miguu imemgomea, na kazi iliyombakia ilikuwa moja tu: kunisimulia maisha ya mharamia mmoja wa kwao, enzi za meli za matanga. Kwetu Malindi bibi alikataza hadithi za mchana. Huyu alianza hata chai ya asubuhi haijapoa.

Yeye alitaka mizinga na dhoruba. Mimi nilitaka kujua choo kilikuwa wapi.

"Mbele kabisa, kwenye omo," alijibu, amenuna kidogo. "Wazi hivyo hivyo. Unashika kamba."

Basi nikamganda. Nani alipika? Biskuti zenye fukusi walizilaje? Walizigonga mezani kwanza, wadudu watoke. Na mama yake je, alijua mwanawe yuko wapi? Mama alikufa yeye akiwa mtoto, mzee akasema, ndiyo maana akaingia baharini. Na akichoka, angeweza kuacha kazi? Hapana, mpaka wenzake wote wamruhusu.

"Kumbe naye alikuwa na kafeel, mdhamini wa kumruhusu kuondoka, kama mimi!"

Mzee alicheka hadi akapaliwa na chai.

Mkataba wangu ulipokaribia kwisha, mama yangu hakuacha kupiga simu: unarudi, hurudi? Nikamwambia mzee kwamba naondoka, na safari hii sirudi tena Dubai. Tangu siku hiyo meli ikakwama. Mharamia kakaa ufukweni, mlingoti umevunjika, hasogei mbele wala nyuma.

"Lakini alifika kwao?" nikauliza.

"Ongeza mwaka mmoja, nitakumalizia."

Nilikasirika kweli. Mwenye kiu ni mimi, kata kaishika yeye. "Mzee, huo nao ni uharamia," nikamwambia. Safari hii hakucheka.

Siku ya kuondoka niliweka begi langu kando ya kiti chake nipate kumuaga. Akaushika mkanda wa begi. Madam akaita kutoka mlangoni, "Yalla, teksi imefika!"

Mzee akauachia mkanda taratibu.

"Alifika," akasema. "Alibisha hodi, mama yake akamfungulia mlango."

Nilitaka kumkumbusha kwamba mama yule alikwisha kufa zamani. Nikamwekea mto vizuri mgongoni, nikabeba begi, nikaenda kwa mama.