Mgeni wa Siku ya Mwezini

Binamu ya mume wangu alifika kwetu Chechelesi na begi dogo na ahadi fupi. "Siku moja tu, shemeji. Kesho naelekea Sericho kuangalia ngamia."

Mume wangu akachinja mbuzi. Mbuzi akaisha, mgeni hakuisha.

Kesho yake, barabara ya Sericho ilikuwa mbaya. Kesho kutwa, gari la kwenda huko lilikuwa limejaa. Wiki iliyofuata akatuambia ngamia wenyewe wamehamia mbali kutafuta maji. Nilianza kuwaonea wivu ngamia hao.

Kila asubuhi alikalia kiti cha mama mkwe wangu, kile pekee chenye mgongo, akaletewa chai ya maziwa ya ngamia, kisha akaanza kutufundisha. Alikuwa ametoka Nairobi, kwa hivyo alijua kila kitu. Alijua kutibu mbuzi ilhali hajawahi kufuga hata kuku. Alijua pilau yangu inakosa nini, lakini jiko hakulijua liko upande gani.

Jioni moja tumeketi uani baada ya swala ya magharibi, mwezi ukachomoza juu ya ukuta. Akaunyoshea kidole kana kwamba ni shamba lake.

"Mnauona ule? Siku moja kule inakaribia mwezi mzima wa huku. Jua likitoka, linawaka wiki mbili. Likitua, ni giza wiki mbili."

Nikatafuta kwenye simu, nikimwomba Mungu mgeni awe amekosea. Hakuwa amekosea. Iliniuma sana.

Mama mkwe, ambaye siku zote hizo alikuwa amekalia mkeka bila kulalamika, akauliza, "Na mtu akifunga huko, atafuturu lini?"

"Mama, huyo atafuata saa za Makka."

"Kwa hivyo mtu anaweza kukaa mahali pamoja, akafuata saa za kwingine?"

"Kabisa!"

"Basi sasa nimekuelewa, mwanangu. Ulituambia siku moja. Hukutuambia ya wapi."

Nikauma pindo la leso yangu nisiangue kicheko. Mume wangu akachungulia ndani ya kikombe chake kama aliyeangusha kitu humo. Mgeni ndiye aliyecheka kuliko wote. Akajipiga paja, akasema, "Mama huyu ana akili!" Kisha akaomba chai nyingine. Ijumaa nikasikia anausimulia mzaha huo msikitini, akidai ameutunga yeye.

Kwa hiyo aibu haikumwondoa. Kilichomwondoa ni Ramadhani. Ilipokaribia, mama mkwe alimwambia kwa upole kwamba chai ya asubuhi itasimama, na kwa kuwa mifereji ilikuwa imekauka, mwanamume mwenye afya kama yeye ndiye atakayetuletea maji kila siku kabla ya futari.

Kesho yake alfajiri begi lilikuwa mlangoni. Nafasi kwenye basi la Nairobi ilipatikana bila shida yoyote. Sericho hakuitaja, wala ngamia.

Siku chache baadaye akapiga simu. Alifika salama, alhamdulillahi, ila huko Nairobi hawajui kutengeneza nyirinyiri, ile nyama yetu ya kukausha na kukaanga. Je, shemeji anaweza kumtumia mkebe mmoja?

Mume wangu akanitazama kwa macho ya kuomba amani. Nikaikata nyama, nikaikausha, nikaikaanga vizuri. Chumvi nikaitia kwa mikono miwili.