"Niko Njiani" si Mahali

Wifi yangu ana sauti ya kumtoa mtu kitandani, na hapo sitii chumvi, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kwa miaka kumi na tisa amekaa chumba cha chini cha hospitali yetu, ubavuni mwa friji za benki ya damu, akiwapigia watu simu waje kutoa damu. Mimi niko chumba cha pili, nawachoma sindano wakishafika. Yeye anawaita, mimi nawatoboa, kwa hiyo wanampenda yeye na kunikwepa mimi.

Kazini wanamwita Bi Daftari. Daftari lenyewe lina jalada la plastiki na limeshonwa mara mbili kwa uzi wa viatu. Humo mna namba za watu, makundi yao ya damu, na pembeni maneno yake ya kalamu nyekundu: huyu mpigie mkewe, huyu usimsumbue Jumatatu, huyu huzimia lakini ana moyo. Muulize habari za mtu yeyote mle ndani, atakujibu bila kufungua ukurasa. Nimeolewa na kaka yake miaka thelathini, na sijawahi kumshinda kwa kumbukumbu hata tukigombana.

Basi binti yangu, ambaye kazi yake ni mambo ya kompyuta, akaja na habari ya kuunganisha msaidizi wa mazungumzo na huduma ya ujumbe wa simu. Akatueleza polepole, kama anayelisha mtoto. Namba ya ofisi inabaki ileile. Watu wanaandika ujumbe kama walivyozoea. Ujumbe ukiingia hauozei kwenye simu, unapelekwa kwa msaidizi, ambaye ni programu inayosoma na kujibu kwa maneno kama mtu. Damu ikihitajika, unaandika kundi na idadi ya chupa, naye anawaandikia watu wote wa kundi hilo kwa mpigo.

"Na akikosea?" nikauliza.

"Shangazi atakuwa anasoma kila kitu kwenye kioo cha simu."

"Kwa hiyo umemletea shangazi yako mtoto wa kulea."

Sikukitaka kitu kile, nasema ukweli. Niliona wanataka kumweka wifi yangu pembeni, naye amebakiza miaka mitatu astaafu. Lakini mwenyewe hakununa. Alikaa na binti siku nne nzima wakihamisha daftari ukurasa kwa ukurasa, hadi yale maneno mekundu. Kuunganisha nako kuligoma siku mbili. Wanatuma ujumbe, tiki zinaonekana, jibu hakuna. Binti anabadilisha kitu, anasonya, anabadilisha tena. Siku ya tatu wifi akaandika "Hujambo?" na kabla hajaiweka simu mezani jibu likaingia: "Sijambo, Bi Daftari. Nikusaidie nini?" Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaniita nije nione. Nikamwambia nina kazi, kisha nikaenda.

Jumanne iliyofuata, saa tatu asubuhi, simu ya mezani ikalia kutoka wodi ya wazazi huko juu. Mama mmoja alikuwa amejifungua. Mtoto mzima, lakini mama damu haikatiki. Kundi lake ni O hasi. Kwenye friji tulikuwa na chupa moja tu, na ilishapanda juu. Daktari alitaka tatu zaidi, akasema saa nne na nusu ndiyo mwisho. Hakueleza mwisho wa nini na sisi hatukuuliza.

O hasi kwenye daftari ni watu kumi na mmoja. Kwa kupiga simu, mtu mmoja humla wifi dakika tatu au nne, maana kuna salamu, kuna habari za nyumbani, na kuna wasiopokea. Akamwandikia msaidizi: O hasi, chupa tatu, haraka, mzazi. Akabonyeza.

Nilisimama nyuma yake, nikayaona kwa macho yangu majibu yakiingia. Mchomelea vyuma: "Niko njiani." Mwalimu wa hesabu: "Niko njiani." Muuza vitasa: "Niko njiani, nakaribia." Msaidizi akahesabu watatu, akawashukuru. Kisha akawaandikia wanane waliobaki: "Asanteni sana. Watu wametosha, hamna haja ya kuja leo."

Wifi yangu akaisukuma simu mbali. "Amemuua," akasema.

Binti alikuwa bado anashinda nasi, anaangalia mitambo yake. "Lakini shangazi, si wamesema wako njiani?"

"Mwanangu, niko njiani si mahali. Ni adabu. Ni neno la kumpoza anayekusubiri. Mchomelea vyuma akisema yuko njiani, anatafuta shati. Muuza vitasa akisema anakaribia, ndiyo kwanza anapiga miayo." Akanigeukia. "Wifi, mimi nikikwambia niko njiani nakuwa wapi?"

"Bafuni," nikasema.

Binti akaziba mdomo kwa kiganja. Amekulia kwenye nyumba hiyohiyo, amelisema neno hilo mara elfu, na halikumjia hata siku moja kumwambia msaidizi. Wala sisi halikutujia. Ni neno tunalolisema bila kulisikia.

Wifi akanyanyua simu ya mezani aanze kupiga mwenyewe. Binti akamzuia. "Subiri. Wewe huwa unajuaje kama mtu yuko njiani kweli?"

"Namuuliza anaona nini mbele yake. Hapo huwa hawahi kutunga uongo."

Binti akayaandika hayo kwenye maelekezo ya msaidizi, neno kwa neno, shangazi yake akimtajia. Mimi nikaenda kupanga sindano na mifuko. Niliporudi, ujumbe ulishawafikia wote kumi na mmoja. Wale wanane waliandikiwa hivi: "Samahani, nilikosea. Nilidhani watu wametosha, hawajatosha. Mama bado anatokwa na damu. Unaweza kuja? Na sasa hivi unaona nini mbele yako?"

Jamani, mimi ni mtu wa kubisha, lakini yaliyofuata yalinifunga mdomo.

"Naona kabati," akaandika mchomelea vyuma, na msaidizi akamjibu avae lolote lililo juu, atoke. "Naona mswaki," akaandika muuza vitasa. Mwalimu wa hesabu akaandika, "Naona watoto arobaini wanafanya mtihani. Namwachia mwenzangu, natoka." Huyu ndiye yule wa kuzimia kwenye daftari, na msaidizi akamwambia anywe maji kwanza na baiskeli aiache. Mwingine akaandika anaona mgongo wa mwenye pikipiki. Mwingine anaona ukuta mrefu wa makaburi, ina maana amebakiza njia panda moja tu. Mazungumzo kumi na moja kwa wakati mmoja, na hakuna hata moja lililochanganywa na jingine. Mwanamke mmoja wa kiwanda cha sabuni akaandika, "Naona geti limefungwa. Msimamizi hataki kunitoa." Papo hapo kioo cha wifi kikaleta ujumbe wake peke yake: "Bi Daftari, mpigie msimamizi, namba ni hii. Hapa inatakiwa sauti yako."

Wifi akapiga. Nimekwambia ana sauti gani. Geti lilifunguliwa kabla hajamaliza salamu.

Nywele za mikono zilinisimama, na mpaka leo sijui zilisimama kwa ajili ya kile kitu au kwa ajili ya watu. Watu waliokuwa wanafundisha, wanafungasha sabuni, wanachomelea milango, wasiomjua yule mama hata kwa sura, wameacha kila kitu wanakuja kwetu. Na sisi tunawaona wakikaribia ukuta kwa ukuta, kwenye kioo kisichozidi kiganja. Miaka kumi na tisa wifi aliwavuta mmoja mmoja. Siku ile alikuwa ameweka mkono mdomoni, anatazama wanakuja wote.

Wa kwanza alikuwa mwanamke wa sabuni, na aproni yake. Nikamlaza. Halafu yule wa pikipiki. Halafu mchomelea vyuma, shati amelivaa ndani nje, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Zikapimwa harakaharaka, na chupa ya tatu ilipanda juu saa nne na dakika ishirini na moja. Mwalimu na wengine wanne walikuta tumetosheka kweli, lakini walikaa kwenye benchi wakakataa kuondoka. Muuza vitasa alifika saa tano, akasema si aliandika anakaribia.

Tukangoja. Chumba cha chini kina tabia moja mbaya: damu ikishapanda hatuulizi. Hakuna aliyetukataza. Tunaogopa tu. Lakini saa sita muuguzi akapiga simu kutoka juu, akasema njooni.

Wifi hakuwahi kupanda ngazi zile kwa miaka yote hiyo. Akaniomba nimsindikize. Mama tulimkuta macho wazi, midomo imeanza kupata rangi, anapumua vizuri. Mama yake mzazi alikuwa kando ya kitanda amempakata mjukuu, akatuuliza sisi ni nani. Wifi yangu, na sauti yake yote ile, akanigeukia mimi.

"Huyu ndiye anayewapigia watu simu," nikasema.

 Yule bibi alisogea akampa nafasi akae, akamwekea mtoto mapajani. Wifi akalia waziwazi, nami nikalia, nikawaacha hapo nikashuka.

Chini nilimkuta binti ameketi mbele ya kioo. Nikainama nisome. Wote kumi na mmoja walikuwa wameuliza swali moja: mama anaendeleaje? Na msaidizi alikuwa amewajibu wote kumi na mmoja: "Sijui bado. Namsubiri mtu aliyemwona."

Nikavuta kiti. Nikaandika kwa kidole kimoja, mimi niliyemkataa: "Nimemwona. Yuko hai."