Kazi Waliyonikubalia

Barua mbili za kazi zilinifikia katika juma moja, baada ya miezi tisa ya kutopata hata moja. Nilikuwa nikiishi Lanet, pembezoni mwa Nakuru, kwenye chumba cha kupanga pamoja na Natalie, tuliyesoma naye uhasibu Chuo Kikuu cha Egerton. Yeye alikuwa ameshapata kazi ya kuuza bima, na ndiye aliyekuwa akinilisha.

Barua ya kwanza ilitoka kwa ushirika wa maziwa wa kwetu, huko juu karibu na Olenguruone: mhasibu, shilingi elfu arobaini na mbili kwa mwezi, na nyumba ya mawe nyuma ya tangi la kupozea maziwa. Ya pili ilitoka kwa ofisi ndogo ya ukaguzi wa hesabu mjini Nakuru, ya mama mmoja aitwaye Wanjugu: msaidizi anayejifunza kazi, elfu ishirini na tano, nyumba ujitafutie.

Natalie alizitandaza kitandani, moja huku, nyingine kule.

"Hii ya maziwa ni doh, pesa mkononi, Jepleting. Hii ingine ni kuteseka ukiwa umevaa vizuri. Sasa unangoja nini?"

"Bado nafikiria."

"Wewe utafikiria mpaka hiyo maziwa igande."

Hakujua yaliyotokea kwenye mahojiano, kwa sababu sikuwa nimemwambia. Mimi huchukua muda kusimulia mambo.

Kamati ya ushirika ilikuwa na watu wanane, na chai ililetwa kabla ya swali lolote. Mwenyekiti ni mzee Kimaiyo. Ni yeye pia anayesimamia wazee wa kanisa letu, na ndiye aliyeongoza harambee ya karo yangu miaka mitano iliyopita. Nilikuwa nimesoma siku nne mfululizo, vitabu viwili vizima juu ya hesabu za vyama vya ushirika. Hakuna aliyeniuliza neno moja la uhasibu.

"Wewe ni wa Kemboi," mwenyekiti alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Yule mnyamavu."

Mwanakamati mmoja akacheka. "Huyu hata kwaya ikiimba, unaona tu mdomo inafunguka."

"Na ndiyo tunamtaka," Kimaiyo akasema. "Mtu wa hesabu akiwa na mdomo, ofisi haikaliki."

Niliuliza habari za mhasibu aliyenitangulia. Wakaniambia ni kijana kutoka Bahati, Muturi, aliyeondoka mwezi wa nne. Nikauliza kwa nini aliondoka. Kimaiyo alikoroga chai yake kwanza.

"Alikuwa na maswali mingi."

Nikaomba kuona vitabu vya hesabu vya mwaka jana.

"Hizo ziliisha kitambo, msichana wangu. Zimebaki sahihi tu. Ukifika siku ya kwanza unaweka, halafu tunaenda mkutano wa wanachama." Akaniongezea chai bila kuniuliza kama naitaka.

Siku tatu baadaye nilipanda ngazi hadi kwa Wanjugu, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo. Ofisi nzima ilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Aliniwekea mbele faili la mteja mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaniambia nisome, akaenda zake. Alirudi baada ya saa nzima.

"Umeona nini?"

Nilimjibu nikiangalia meza.

"Sema tena. Hiyo birika inanguruma."

Nikasema tena. Kwamba kulikuwa na risiti za mafuta ya lori za juma zima la mwezi wa nane, na kwa mujibu wa ankara ya fundi, juma hilo lori lilikuwa gereji bila injini.

Alivua miwani. "Mimi hiyo lori ilinichukua siku tatu kuiona. Huongei sana, ama?"

"Hapana."

"Hakuna shida. Hapa tunatafuta mtu wa kusoma." Akaniambia atanipa barua, na kwamba angetaka jibu langu kabla ya Jumatatu ya pili, saa mbili asubuhi, ndipo kazi ingeanza, maana kulikuwa na wengine wawili wanaongoja nafasi hiyo.

Kwa hiyo uamuzi wenyewe, nikisema kweli, haukuwa mgumu. Wote walikuwa wamenipendea ukimya wangu. Kimaiyo aliutaka ufunike kitu fulani. Wanjugu aliutaka kwa sababu mtu asiyepiga domo ana muda wa kuangalia tarehe za risiti. Kilichokuwa kigumu ni jinsi ya kuwaambia watu wa nyumbani.

Ijumaa mama alipiga simu. "Kuja kesho. Usikose."

Nilifika Jumamosi mchana na kukuta kondoo ameshachinjwa. Shangazi zangu walikuwa wakimenya viazi kwenye karai, na ukungu umekaa juu ya shamba la kabichi kama kawaida yake. Mmoja wao akanishika mkono kwa mkono wake wenye maji. "Mhasibu wetu. Sasa hata maziwa yangu ikikataliwa asubuhi, nakuja kwako."

Nilimtafuta baba. Alikuwa nyuma ya nyumba akigawa nyama.

"Baba, hii ni sherehe ya nini?"

"Ya shukrani. Kesho unaombewa kanisani, Jumatatu unaanza kazi. Mwenyekiti alikuja kuuliza jibu, nikamwambia uko tayari."

"Mimi sijakubali."

"Tulikukubalia." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyenisaidia kubeba mzigo.

Lazima nieleze harambee ile, maana bila hiyo baba ataonekana mtu mbaya, naye si mbaya. Nilipopata nafasi ya chuo kikuu, kanisa zima lilikusanyika uwanjani kwetu. Waliokosa pesa walileta viazi, mayai, blanketi, na vitu hivyo vikanadiwa palepale. Kulikuwa na jogoo mwekundu ambaye kila aliyemnunua alimrudisha anadiwe tena, mpaka akauzwa mara tano. Wa mwisho kumnunua alikuwa Kimaiyo, na badala ya kwenda naye alimkabidhi mama amlee. Jogoo yule alizeeka kwetu. Kila alipowika, baba alisema, "Msikize huyo, ndiye alikupeleka shule." Ndivyo tunavyosomeshwa wengi huku kwetu, nami sioni aibu. Ila kila aliyetoa yai anaamini ana kipande chake ndani yangu, na siku ile niliona baba akiwagawia.

Nilimweleza kila kitu. Muturi, vitabu vilivyokwisha, sahihi iliyobaki. Alisikiliza huku kisu kimetulia.

"Hiyo ni mambo ya ofisi, utaiona ukiwa ndani."

"Nikiwa ndani nitakuwa nimeshaweka sahihi."

"Na watu wameshakuja, Jepleting. Nitawaambia nini? Kwamba kondoo alikosea?"

Mama alinivuta jikoni. "Kesho nyamaza tu. Wakuombee, ule, ulale. Jumatatu utajua mahali pa kwenda."

Lilikuwa shauri la upendo, na nilijua halifai. Huku kwetu jambo likishaombewa mbele ya kanisa halirudi. Hakuna aliyewahi kusimama Jumatatu akakataa kile alichopigiwa amina Jumapili. Ningenyamaza mbele yao, Jumatatu ningejikuta nimeshika kalamu na Kimaiyo ananimiminia chai.

Asubuhi nilipanda hadi kwenye mwerezi ulioko juu ya shamba, ambapo simu hupata mtandao, nikamwandikia Wanjugu maneno mawili: Nakubali. Nitafika. Kisha nikatoa barua yake kwenye mkoba na nyuma yake nikaandika sentensi saba kwa kalamu. Kuongea mbele ya watu siwezi. Kusoma naweza.

Baada ya mahubiri tuliitwa mbele, mimi, baba na mama. Baba alivaa koti lake la harusi. Kimaiyo alichukua maikrofoni na kuwakumbusha watu harambee, akamtaja mpaka jogoo, watu wakacheka na kupiga makofi.

"Tulimsomesha, na sasa amerudi kutuchungia mali yetu. Mnamjua huyu, hana maneno. Hatasumbua mtu." Wakacheka tena. "Lakini leo atajaribu. Sema asante tu, msichana wangu, hata moja."

Akanipa maikrofoni. Nikaikunjua barua, nikausoma mstari wa kwanza.

"Nawashukuru wote mlionichangia."

"Sauti," mtu akasema kutoka nyuma. "Hatusikii."

Nikaanza tena, na safari hii nikajisikia mwenyewe kwenye spika za ukutani, sauti nyembamba lakini iliyo wazi.

"Nawashukuru wote mlionichangia. Mlinichangia nisome, na nimesoma. Kazi ya ushirika sikuikubali, ilikubaliwa kwa niaba yangu. Kesho naanza kazi Nakuru, kwenye ofisi ya kukagua hesabu."

Kimaiyo akanyoosha mkono kuchukua maikrofoni. "Ameshtuka kidogo, jamani, hajazoea—"

Sikuiachilia. Nilikuwa nimebakiza sentensi tatu. Alivuta, nami nikashika kwa mikono miwili, spika zikalia kwa ukali na watoto wakaziba masikio. Akaacha, kwa sababu mzee wa kanisa hawezi kung'ang'ania kitu na msichana mbele ya madhabahu.

"Niliambiwa vitabu vya mwaka jana vimebaki kuwekwa sahihi yangu," nikasoma. "Sikuviandika na sikuonyeshwa, kwa hiyo siwezi kuviwekea sahihi. Wanachama wakitaka mtu wa kuwasomea vitabu hivyo, nitakuja kuvisoma bure, uwanjani, kila mtu akisikia."

Nikamrudishia maikrofoni yake. Hakuna aliyepiga makofi. Mchungaji alikuwa akitafuta miwani iliyokuwa usoni pake. Kisha mama mmoja mzee, Chelagat, anayepeleka ushirika lita tatu za maziwa kila asubuhi kwa kidumu cha njano, akauliza kutoka kwenye benchi la akina mama, bila kusimama na bila haraka:

"Mwenyekiti, ni vitabu gani hiyo anasema?"

"Hiyo ni mambo ya mkutano, mama. Hapa ni kanisani."

"Wewe ndiye umeileta kanisani," Chelagat akasema.

Hatukuombewa. Mchungaji alitangaza wimbo, nasi tukarudi kuketi watu wakiwa wameshaanza ubeti wa pili.

Nyumbani walikuja nusu ya waliotarajiwa. Shangazi aliyekuwa na tumaini la maziwa yake hakunisalimia, na mwingine akasema kwa sauti ya kunifikia kwamba elimu nyingine huharibu mtu. Nikamjibu kwamba huenda ni kweli, nikamwongezea viazi. Sikuomba msamaha. Nilikaribia mara mbili, kwa mazoea tu, na mara zote mbili nikajaza mdomo nyama.

Watu walipoondoka, baba akanijia.

"Umeniaibisha mbele ya kanisa nzima."

"Ndiyo, baba."

"Unasema tu ndiyo?"

"Ndiyo, nimekuaibisha. Na sahihi siweki."

Alinitazama kama anayemtazama ng'ombe aliyemlea mwenyewe akaruka ua. Akaingia ndani.

Jumatatu nilitoka alfajiri ili niwahi gari la kwanza. Mama alinifungia nyama kwenye bakuli, akanipa kibuyu kidogo cha mursik, maziwa ya mgando ya kwetu, akasema Natalie aonje kabla ya kukataa. Nilipofika langoni nikamkuta baba amevaa gambuti, akiwa na kidumu cha maziwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akachukua mkoba wangu. Tuliteremka njia ya matope hadi kituo cha kupimia maziwa kando ya barabara.

Watu wapatao kumi walikuwa kwenye foleni. Karani wa mizani alichovya kipimo chake, akapima maziwa ya baba, akaandika kwenye kitabu, akafunika ukurasa kwa mkono kama kila siku.

Baba hakusogea.

"Hebu nione umeandika ngapi."

"Ni ile ya kawaida, mzee."

"Najua. Nionyeshe."

Karani akatazama foleni, na foleni ikamtazama. Chelagat, aliyekuwa wa tatu, akaweka kidumu chake chini. Karani akaondoa mkono polepole. Baba hasomi haraka. Akainama, akaweka kidole kwenye mstari wa jina lake, akaanza kuusoma tarakimu moja moja.

Gari langu likapiga honi. Nikachukua mkoba miguuni pake, na nilipokuwa nikipanda alikuwa bado ameinama, akigeuza ukurasa kurudi nyuma, jana, juzi, na foleni nzima ikimsubiri.