Siku Mtani Aliponililia Matanga Mtaroni

Jamani, acheni niwahadithie mwenyewe kabla hamjalisikia sokoni, maana huko nimeshazikwa mara mbili na aibu yenyewe bado mbichi.

Mbele ya geti langu hapa Isevya kuna mtaro, na mfuniko wake wa zege ulivunjika tangu masika. Nililalamika, tena kwa bidii (magodoro yangu dukani sijawahi kuyauza kwa bidii ile): nikampigia mwenyekiti wa mtaa, nikatuma picha kwenye kundi letu la simu, nikaingia hadi redioni kuuliza kodi zetu zinakwenda wapi. Uani kwangu zilikuwepo mbao mbili nene zilizobaki tulipoezeka nyumba. Mke wangu, Mama Rukia, kila akinionyesha namwambia hiyo siyo kazi yetu.

Sasa siku ile wageni walikuwa wanatoka Urambo kuleta posa ya binti yetu Rukia. Mama Rukia akaniomba leo walau niziweke zile mbao. Nikakataa, kwa sababu nilikuwa nimemwalika mwenyekiti makusudi aumbuke mbele ya watu, na ili shimo lionekane vizuri nikang'oa hata tawi la mwarobaini ambalo mke wangu alilichomeka pale kuwaonya wapita njia.

Wageni wakafika. Nikawapokea barabarani na kanzu yangu mpya, na badala ya kuwakaribisha nikaanza hotuba ya uzembe wa viongozi, narudi kinyumenyume huku kidole nimemnyooshea mwenyekiti, mara mguu wa kulia ukakosa pa kukanyaga. Nikazama hadi kifuani, ndani ya maji ambayo sitayaeleza (wengine mnakula).

Mshenga wao alikuwa Mzaramo, mzee aliyelowea Urambo, na mnajua sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwa miguu hadi pwani. Mtani kwenye msiba hana adabu, na yule mzee akaamua huo ni msiba. Akawazuia watu wasinivute, akakaa chini, akaanza kulia.

"Mtani wangu amekufa," akasema, "na kaburi kajichagulia mwenyewe."

Wenzake wakapokea kilio. Mwenyekiti, ambaye ndiye alitakiwa kuumbuka, akalia kuwashinda wote. Nikanyoosha mkono, mzee akauchapa kwa kofia yake akidai maiti hainyooshi mkono, kisha akainama na kuniuliza kwa upole kabisa, "Marehemu, mtaro huu ni wa nani?"

Nikajibu ni wa serikali. Akawaambia watu huyu bado hajafikia kufufuka, waendelee.

Ila baba wa kijana hakuwa analia wala kucheka. Nilimsikia akimwambia nduguye, "Shimo la mlangoni limemshinda. Ndoa ya watoto ikiyumba, ndiye huyu tutakayemwita?"

Rukia alikuwa dirishani, naye alisikia. Nilipouona uso wake niliogopa, jamani, niliogopa kweli, kwamba mwanangu atakosa mume kwa ajili ya mbao mbili.

"Wangu," nikasema. "Mtaro ni wangu, na mbao ziko uani."

Wakanivuta. Sikwenda kuoga, nilikwenda uani natiririka, nikazibeba zile mbao, nikazilaza, nikazirukia ili wote waone hazichezi. Baba wa kijana akazigonga kwa bakora yake, akavuka wa kwanza. Posa ikapokelewa, mimi nikiwa nimetengewa mkeka wangu peke yangu upande unakoelekea upepo, na mshenga akala paja langu la kuku akisema ni fidia ya machozi yake.

Siku hizi hata watoto wa jirani wananiamkia, "Shikamoo, marehemu," nami naitikia marahaba, nitafanyaje? Juzi bomba la mtaa lilianza kuvuja, nikajikuta nimeshatoa simu nipige picha. Mama Rukia hakugomba. Aliniuliza tu kama awaite Wazaramo.

Nikairudisha simu mfukoni, nikaenda kutafuta mpira wa kufungia.